Viza ya Masomo Ng'ambo: Yale Mkaazi Anafaa Kujua Kabla ya Kuuza Shamba

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, mialiko ya harambee huanza kusambaa vijijini. Kijana amepata nafasi ya kusoma Canada, Uingereza, Marekani au Ujerumani. Tarehe ya safari imeandikwa kwenye kadi, jamaa wamechangishwa, na pengine sehemu ya shamba imekwisha kutiwa bei. Mara nyingi swali moja huwa bado halijajibiwa: je, mwanafunzi huyo ataomba viza ya aina gani, na ubalozi utataka kuona pesa katika akaunti ya nani?

Swali hilo ndilo huamua kama mchango wa jamii utamfikisha kijana darasani au utapotea. Ada ya viza hairudishwi viza ikikataliwa. Karo iliyolipwa kupitia kwa mtu asiyefaa huweza isirudi kabisa. Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizokuwa wamelipa kwa ajili ya masomo ya Finland na Canada kupitia mpango wa kaunti ya Uasin Gishu. Suala hilo lilifika mbele ya kamati ya Seneti na baadaye mahakamani. Somo lake linahusu kila kaunti: pesa za masomo ya ng'ambo zina njia yake, na kila familia inafaa kuijua njia hiyo kabla ya kulipa.

NANI HUTOA VIZA?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya, masuala ya uhamiaji, uraia na mambo ya nje ni ya Serikali ya Kitaifa. Viza yenyewe hutolewa na serikali ya nchi anakoenda mwanafunzi. Kwa hivyo hakuna afisi ya kaunti, mwakilishi wa wadi, chifu, mhubiri wala wakala anayeweza kutoa viza au kuihakikisha. Anayesema "viza iko tayari, lete pesa tu" anauza kitu ambacho si chake.

Ni vyema pia kutofautisha mambo mawili. Viza humruhusu msafiri kufika mpakani na kuomba kuingia. Kibali cha kukaa na kusoma ndicho humruhusu kubaki huko kwa muda wa masomo. Nchi nyingine huunganisha vyote viwili katika ombi moja, na nyingine hutaka mwanafunzi amalizie shughuli ya kibali baada ya kufika.

Jambo la tatu ni la msingi zaidi. Viza ya utalii au ya kutembelea jamaa haimruhusu mtu kwenda kuanza shahada. Wakala anayeshauri kijana "aingie kwanza kama mgeni, mambo yatatengenezwa huko" anamtia katika kosa ambalo litamfuata kila atakapoomba viza tena.

MPANGILIO WA HATUA

Ingawa kila nchi ina kanuni zake, mpangilio wa hatua hufanana kote.

Kwanza, pasipoti. Ombi hufanywa kupitia eCitizen, na alama za vidole huchukuliwa katika afisi za uhamiaji, zikiwemo za Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret, Nakuru, Kisii na Embu. Kabla ya kuomba, mwanafunzi ahakikishe majina yake yamefanana kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha KCSE. Tofauti ndogo, kama vile herufi moja au jina la tatu lililoachwa, huweza kuchelewesha ombi kwa wiki nyingi. Kurekebisha stakabadhi mapema ni rahisi kuliko kumweleza afisa wa viza kwa nini mtu mmoja ana majina mawili.

Pili, chuo. Si kila taasisi inayojiita chuo huruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Serikali za nchi husika huchapisha orodha za vyuo vilivyoidhinishwa, na orodha hizo husomwa bure mtandaoni. Hapa ndipo udanganyifu mwingi hugunduliwa, kwa dakika tano tu za kutafuta.

Tatu, barua au fomu rasmi ya chuo. Barua ya kawaida ya kukubaliwa huwa haitoshi. Kila nchi ina hati yake maalumu ambayo chuo hutoa kwa ajili ya viza, kama inavyoelezwa hapa chini.

Nne, ithibati ya pesa. Tano, ombi la viza lenyewe, pamoja na vipimo vya afya, alama za vidole na, kwa nchi nyingine, mahojiano. Tiketi ya ndege huja mwisho, baada ya viza kupatikana.

MAREKANI

Marekani ina viza tatu za wanafunzi. F-1 ni ya wanaosoma shahada au kozi nyingine za kitaaluma. M-1 ni ya kozi za ufundi. J-1 ni ya mipango ya kubadilishana wanafunzi, watafiti na wakufunzi, ikiwemo baadhi ya inayofadhiliwa na serikali.

Kwa F-1 na M-1, chuo kilichoidhinishwa humpa mwanafunzi fomu iitwayo I-20. Fomu hiyo huonyesha gharama ya mwaka na mahali pesa zitakapotoka. Baada ya kuipokea, mwanafunzi hulipa ada ya SEVIS, ambayo ni dola 350 kwa F-1 na M-1, kisha hujaza fomu ya DS-160 mtandaoni na kulipa ada ya ombi ya dola 185. Hatua inayofuata ni mahojiano katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi.

Mahojiano hayo huwa mafupi, mara nyingi dakika chache tu. Sheria ya Marekani humtaka afisa achukulie kwamba kila mwombaji ana nia ya kuhamia huko moja kwa moja, mpaka mwombaji mwenyewe aonyeshe vinginevyo. Hivyo mwanafunzi anafaa kueleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini alichagua chuo hicho na kozi hiyo, nani atalipa, na anakusudia kufanya nini baada ya kuhitimu. Majibu ya kukaririshwa na wakala hutambulika upesi. Tangu Juni 2025, waombaji wa viza za F, M na J pia wametakiwa kuacha akaunti zao za mitandao ya kijamii wazi ili zikaguliwe.

Viza ya F-1 huweza kutolewa hadi siku 365 kabla ya masomo kuanza, ila mwanafunzi mpya haruhusiwi kuingia nchini humo zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20.

UINGEREZA

Tangu Oktoba 2020, viza ya masomo ya Uingereza huitwa viza ya mwanafunzi, na ilichukua nafasi ya ile iliyojulikana kama Tier 4. Chuo chenye leseni humpa mwanafunzi namba ya CAS. Ombi hufanywa mtandaoni, na mwombaji aliye nje ya Uingereza huweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya kozi kuanza.

Gharama zake zafaa kuhesabiwa kwa makini. Mwaka 2025 ada ya ombi ilikuwa pauni 524. Juu yake kuna ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka, ambayo hulipwa yote kwa pamoja wakati wa kuomba. Kwa kuwa viza huongezewa miezi kadhaa kabla na baada ya kozi, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya miezi 12 hutozwa mwaka mmoja na nusu, yaani pauni 1,164. Viza ikikataliwa, ada hii ya afya hurudishwa, lakini ada ya ombi hairudishwi.

Mkenya anayeomba viza hiyo hutakiwa pia kupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa. Cheti cha kipimo hicho hudumu miezi 6, kwa hivyo anayepima mapema mno huenda akalazimika kulipa na kupima tena.

Kanuni moja imewashtua wengi. Tangu Januari 2024, wanafunzi wengi hawaruhusiwi kwenda na mume, mke au watoto. Wanaoruhusiwa ni hasa walio katika uzamifu na shahada nyingine za utafiti. Mzazi mwenye watoto wadogo anayepanga kwenda kusoma uzamili wa kawaida anafaa kujua hilo kabla ya kukubali nafasi.

CANADA

Canada hutoa kibali cha masomo kwa mwanafunzi aliyekubaliwa na chuo kilicho katika orodha ya DLI. Tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wamehitaji pia barua ya uthibitisho kutoka kwa mkoa, iitwayo PAL, kwa sababu serikali iliweka kikomo cha idadi ya vibali. Kuanzia Januari 2026, wanaojiunga na uzamili au uzamifu katika vyuo vya umma wameondolewa sharti hilo.

Kiwango cha pesa za kujikimu kimepanda mara mbili kwa muda mfupi. Kwa miaka mingi kilikuwa dola 10,000 za Canada. Januari 2024 kilifikishwa 20,635, na tangu Septemba 2025 kimekuwa dola 22,895 kwa mwanafunzi mmoja anayekwenda nje ya mkoa wa Quebec. Kiasi hicho hakijumuishi karo ya mwaka wa kwanza wala nauli. Familia inayotegemea maelezo ya binamu aliyekwenda mwaka 2022 itajikuta na nusu ya pesa zinazohitajika.

UJERUMANI

Vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani kwa kawaida havitozi karo ya shahada, isipokuwa katika jimbo la Baden-Württemberg, ambako wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Hata hivyo, kusoma bila karo si sawa na kusoma bila pesa. Mwombaji wa viza hutakiwa kuweka euro 11,904 katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo humruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi akishafika. Wenye ufadhili unaotosha, au mdhamini anayeishi Ujerumani na aliyejiandikisha rasmi kama mdhamini, hawalazimiki kuweka pesa hizo.

Kuna milango kadhaa. Aliyekwisha kupata nafasi chuoni huomba viza ya masomo. Anayetaka kwenda kutafuta nafasi huweza kuomba viza ya kufanya hivyo, ya hadi miezi 9. Mwenye KCSE pekee huenda akatakiwa kupitia kwanza masomo ya matayarisho, yaitwayo Studienkolleg.

Mlango mwingine ambao vijana wengi hawaufikirii ni Ausbildung. Haya ni mafunzo ya kazi ambayo mwanafunzi hufanya kiwandani, hospitalini au hotelini, huku akienda darasani na kulipwa posho kila mwezi. Hapa kinachohitajika ni mkataba na mwajiri na Kijerumani cha kutosha, kwa kawaida kiwango cha B1. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ushirikiano wa uhamiaji mjini Berlin Septemba 2024, lakini mkataba huo haukuondoa masharti ya viza wala ya lugha. Anayedai kwamba "nafasi za serikali" hupatikana bila Kijerumani hasemi kweli.

AUSTRALIA, CHINA NA INDIA

Viza ya Australia huitwa daraja la 500. Ada yake ilipandishwa Julai 2025 hadi dola 2,000 za Australia, mojawapo ya ada za juu zaidi duniani. Mwombaji huhitaji hati ya uandikishaji iitwayo CoE, bima ya afya ya wanafunzi wa kigeni, na maelezo ya kuonyesha kwamba anakwenda kusoma kweli.

China hutoa viza ya X1 kwa masomo yanayozidi siku 180 na X2 kwa masomo mafupi. Chuo hutuma fomu ya JW201 kwa wenye ufadhili wa serikali ya China, au JW202 kwa wengine. Mwenye X1 lazima aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 baada ya kufika. India nayo humtaka mwanafunzi mwenye viza ya zaidi ya siku 180 ajiandikishe kwa maafisa wa uhamiaji ndani ya siku 14. Siku hizo hupita haraka mtu anapotafuta nyumba na kuzoea chakula, na faini huwa zinasubiri.

NCHI JIRANI

Kwa Mkenya, kusoma Uganda, Tanzania au Rwanda hakuhitaji viza. Protokali ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, huwapa wananchi wa nchi wanachama nafasi ya kuvuka mpaka kwa masomo, na mwanafunzi huomba kibali cha mwanafunzi katika nchi anakosoma. Kwenda Uganda na Rwanda, Mkenya huweza kusafiri kwa kitambulisho cha taifa. Kwa familia ambayo hesabu za Ulaya zimeishinda, chuo kizuri kilicho umbali wa safari ya basi si nafasi ya kudharauliwa.

PESA ZA HARAMBEE NA KANUNI ZA BENKI

Hapa ndipo maombi mengi ya familia za kawaida hukwama. Pesa huwa zipo, lakini zimewekwa mahali pasipofaa au zimefika kwa kuchelewa.

Uingereza ina kanuni kali zaidi. Pesa lazima ziwe katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, mzazi au mlezi wake wa kisheria, ama mwenzi wake wa ndoa. Akaunti ya mjomba, shangazi, kaka au mweka hazina wa harambee haikubaliki. Mzazi akitumia akaunti yake, huambatisha cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi na barua ya kuthibitisha kwamba amekubali pesa hizo zitumike.

Tuchukue mfano wa msichana aliyepata nafasi ya uzamili nje ya jiji la London. Tangu Novemba 2025 kiwango cha kujikimu huko ni pauni 1,171 kwa mwezi, kwa miezi isiyozidi 9, yaani pauni 10,539. Ndani ya London ni pauni 1,529 kwa mwezi. Juu yake huongezwa karo ya mwaka wa kwanza ambayo bado haijalipwa. Jumla hiyo lazima ikae katika akaunti kwa siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na taarifa ya benki iwe na umri usiozidi siku 31 ombi linapotumwa.

Sasa harambee ikifanywa mwishoni mwa Agosti na kozi inaanza katikati ya Septemba, hesabu hiyo haiwezi kutimia. Pesa zikikaa siku 27, kisha baba akatoa kidogo kulipia mbolea, siku huanza kuhesabiwa upya. Harambee ya viza ya Uingereza inafaa kufanywa miezi kadhaa kabla, na pesa zipelekwe benki mara moja katika akaunti inayofaa.

Marekani haina kanuni ya siku 28, na ndugu au rafiki huweza kuwa mdhamini mradi aonyeshe uwezo na uhusiano wake na mwanafunzi. Ila afisa hutazama kama pesa zimetoka mahali panapoeleweka. Akaunti iliyokuwa na shilingi elfu tano mwaka mzima na ghafla ikapokea milioni mbili wiki moja kabla ya mahojiano huzua maswali. Ikiwa pesa hizo zilitokana na kuuza shamba, mkataba wa mauzo na stakabadhi za uhamisho zihifadhiwe. Ikiwa ni harambee, daftari la michango, kumbukumbu za kamati na risiti za benki zihifadhiwe. Kukopa pesa za siku chache ili "kupamba akaunti" ni hatari: taarifa ya benki huonyesha siku zilipoingia.

KUFANYA KAZI HUKU UNASOMA

Mawakala wengi huwaambia wazazi kwamba kijana atajilipia karo kwa kufanya kazi akifika. Sheria hazisemi hivyo. Marekani humruhusu mwanafunzi wa F-1 kufanya kazi ndani ya chuo tu, kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki masomo yanapoendelea. Mwenye M-1 haruhusiwi kufanya kazi wakati wa masomo. Uingereza huruhusu saa 20 kwa wiki kwa walio katika ngazi ya shahada. Canada huruhusu saa 24 kwa wiki nje ya chuo, Australia saa 48 kwa wiki mbili, na Ujerumani siku 140 kamili kwa mwaka.

Saa hizo huweza kulipia chakula na nauli. Ni vigumu zilipie karo. Mwanafunzi anayezidisha saa ili amalize deni la karo huhatarisha kibali chake, na wazazi huku nyumbani husikia tu kwamba amerudishwa.

Baada ya kuhitimu kuna nafasi zaidi. Mwenye F-1 huweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi katika taaluma yake, na miezi 24 zaidi kwa waliosomea sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ujerumani humpa mhitimu hadi miezi 18 ya kutafuta kazi. Uingereza imekuwa ikitoa miaka 2 kwa wenye shahada ya kwanza na uzamili, lakini imetangaza kwamba watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18.

MAWAKALA NA BARUA BANDIA

Si kila wakala ni mlaghai. Wako wanaofanya kazi ya haki kwa niaba ya vyuo na hulipwa na vyuo hivyo. Lakini mwenye kubeba lawama mbele ya serikali ya kigeni ni mwombaji, hata kama aliyejaza fomu ni mtu mwingine.

Mwaka 2023 Canada iligundua kwamba wanafunzi wengi kutoka India walikuwa wameingia nchini humo kwa barua bandia za vyuo, na baadhi yao walisema hawakujua. Walikuwa wamelipa wakala, wakasafiri, wakafika na kuambiwa nafasi imejaa watafute chuo kingine. Ukweli ulijitokeza miaka kadhaa baadaye, walipoomba ukaazi wa kudumu. Tangu 1 Desemba 2023 Canada huthibitisha kila barua moja kwa moja na chuo kilichoiandika.

Adhabu ya uongo ni nzito. Canada humfungia mwombaji miaka 5. Uingereza huweza kumfungia miaka 10. Marekani huweza kumzuia maisha yake yote. Taarifa ya benki ya kughushi au barua ya kazi isiyo ya kweli huharibu jina la kijana ambaye pengine angepata viza kwa ukweli wake mwenyewe.

Kinga yake ni rahisi. Karo hulipwa katika akaunti ya chuo, si katika simu au akaunti ya mtu binafsi. Mwanafunzi awe na nywila ya barua pepe na akaunti yake mwenyewe ya maombi. Asome kila fomu kabla ya kutia saini. Aandikie chuo moja kwa moja, kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, kuuliza kama barua aliyopewa ni ya kweli. Na kabla ya kulipa amana, aombe kwa maandishi sera ya chuo ya kurudisha pesa iwapo viza itakataliwa.

Ushauri wa bure upo. Afisi ya EducationUSA jijini Nairobi hushauri wanaotaka kwenda Marekani, na afisi ya DAAD, iliyo Nairobi pia, hutoa habari za masomo na ufadhili wa Ujerumani.

VIZA IKIKATALIWA

Kukataliwa si aibu wala si mwisho, mradi sababu isomwe na kueleweka. Uingereza humruhusu aliye ng'ambo kuomba uamuzi ukaguliwe upya ndani ya siku 28 kama anaona afisa alikosea. Marekani haina rufaa kwa viza za wanafunzi, ila mtu huweza kuomba tena kwa ada mpya. Ujerumani iliondoa Julai 2025 utaratibu wa kuandikia ubalozi kupinga uamuzi, hivyo anayekataliwa huomba upya au kwenda mahakamani huko. Kuomba tena kwa karatasi zilezile huzaa jibu lilelile. Na fomu ya mara ya pili ikiuliza kama mtu amewahi kukataliwa viza, jibu liwe la kweli.

KABLA YA KUONDOKA

Jambo la mwisho linahusu kurudi. Shahada ya kigeni huhitaji kutambuliwa Kenya. Anayetaka kuwa daktari, muuguzi, mhandisi au wakili aulize bodi ya taaluma yake mapema kama chuo na kozi hiyo vinakubalika, na kwa shahada kwa jumla, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu huweza kutoa mwelekeo. Ni vibaya kusoma miaka 6 kisha kuambiwa cheti hakitoshi kupata leseni.

Mwanafunzi abebe nakala za stakabadhi zote, aziache nyingine kwa mzazi, na akifika ajiandikishe kwa ubalozi wa Kenya.

Kwa familia inayojiandaa, maswali haya sita yanafaa kujibiwa mezani kabla ya kadi ya harambee kuchapishwa:

1. Chuo kimo katika orodha rasmi ya nchi hiyo, na ni nani kati yetu ameiona orodha hiyo?
2. Chuo kimethibitisha barua kwa kuandikiwa moja kwa moja?
3. Viza inayoombwa ni ya aina gani, na inaruhusu nini?
4. Jumla ya pesa ni kiasi gani kwa kanuni za mwaka huu, na lazima zikae katika akaunti ya nani, kwa siku ngapi?
5. Mwaka wa pili utalipwa na nani?
6. Viza ikikataliwa, ni pesa zipi zitarudi, na chuo kimeandika hivyo wapi?

Kwa kuwa ada na viwango hubadilika, pengine zaidi ya mara moja kwa mwaka, takwimu zote zithibitishwe katika tovuti ya serikali ya nchi husika siku ya kuanza kuomba. Familia iliyo na majibu ya maswali sita hayo inaweza kuchapisha kadi. Iliyokosa hata moja na isubiri kwanza: shamba bado lipo, na msimu mwingine wa kujiunga na vyuo utafika.